Mtoto kasema kwa Kihispania "nasikia harufu", darasa likacheka. Hivi vitabu vya milango ya fahamu nimsomeeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa watoto watatu, natokea Uvira huko Kongo, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi afu tukaletwa huku Texas. Kijana wangu wa mwisho ana miaka 5, yuko kindagateni darasa la lugha mbili, Kingereza na Kispanyola. Mwezi huu wanasoma los cinco sentidos, yani milango mitano ya fahamu, kila Ijumaa analeta kitabu cha picha tusome nyumbani. Mimi Kispanyola sijui hata neno, Kingereza chenyewe nachechemea. Juzi karudi analia, alisema darasani "oigo el olor" wenzie wakacheka, siku nyingine kasema supu ya nyumbani ni dulce wakacheka tena. Baba yake anasema lugha tatu zinamchanganya, tuache Kiswahili. Nimsomeeje hivi vitabu, ninunue vya aina gani, na je tunamharibu mtoto?

JIBU:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na kijana, kuchekwa mbele ya wenzio ukiwa na miaka mitano kunauma kuliko sindano. Nianze na lile la mwisho maana naona ndo linalokunyima usingizi. Hapana, hammharibu. Lugha tatu hazimchelewishi mtoto wala hazimvurugi kichwa, na baba yake mwambie kwa upole ajikumbuke mwenyewe alivokuwa mdogo huko kwenu, lugha ya bibi nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, mbona hakuchanganyikiwa? Mkiacha Kiswahili leo mzigo haupungui, mnamnyang'anya tu lugha ambayo nyie wawili mnaweza kumwelezea kitu chochote bila kuhangaika kutafuta maneno. Na hayo makosa mawili aliyofanya, mi nimefundisha watoto wadogo Kihispania zaidi ya miaka kumi na nakwambia hayo sio makosa ya mtoto aliyechanganyikiwa, ni ya mtoto anayefikiri vizuri tu, ila anafikiri kwa Kiswahili.

Angalia hilo la harufu. Sisi kwa Kiswahili tunasikia kila kitu. Tunasikia hodi mlangoni, sawa, lakini tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia usingizi, tunasikia kichefuchefu, mtu akikunwa mgongo anasema anasikia raha. Yani kitu chochote kinachokujia chenyewe bila we kukifuata, kwetu unakisikia. Kihispania kimeugawa huo mlango vipande vipande: oír ni ya sauti peke yake, oler ni ya harufu, sentir ni ya baridi na maumivu na furaha. Mtoto wako alichofanya ni kuchukua "nasikia harufu" ya mama yake akaivalisha maneno ya Kihispania, oigo el olor, na wale wenzie wakaona kama vile kasema anaweka pua kwenye redio. Afu cha kuchekesha, angezaliwa Barcelona pengine asingechekwa sana, maana lugha yao ya kule, Kikatalani, kusikia sauti ni sentir na kusikia harufu ni sentir hiyo hiyo, sawa kabisa na sisi, na vitabu vingi vya watoto vya Kihispania vinatokea huko huko Barcelona. Kwaiyo mwambie kijana hayuko peke yake duniani.

Na hilo la supu ndo limenifurahisha zaidi. Kwetu tamu ni chochote ulimi ulichokikubali: sukari tamu, nyama tamu, supu tamu, mpaka hadithi tamu na sauti tamu. Dulce ya Kihispania imekaa kwenye sukari na asali, ukisema supu ni dulce mtu anaelewa umemwagia sukari. Supu nzuri wao wanasema está rica. Kwaiyo hapo fundisha mstari mmoja tu, mwimbishe hata kwenye gari: asali ni dulce, supu ya mama ni rica. Atakuwa amemaliza.

Unaona sasa? Hivi vitabu ukiviangalia juu juu ni vya kitoto, ukurasa una jicho kubwa na maneno manne, unageuza kuna pua. Lakini kazi yake halisi ni kumwonesha mtoto lugha inavokata dunia, na ya kwenu imekata kwengine. Kwaiyo mtu anayetakiwa kukaa na hicho kitabu ni we hasa, maana mwalimu wake haijui hiyo mikato ya Kiswahili, we unaijua tangu tumboni.

Haya, kusoma kwenyewe. Unasema hujui hata neno. Sikatai, lakini kusoma kwa sauti utaweza leo leo usiku, na hapa Mungu katupendelea waswahili: Kihispania kina vokali tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu. Wazungu wa hapo Texas wanahangaika miaka na hizo vokali, we unazo bure. Shika vitu vichache tu. J isome kh, kama ya Kheri, kwaiyo ojo (jicho) ni okho na oreja ni orekha. G ikifuatwa na e au i nayo ni kh. H isipokuwa kwenye ch haisomwi kabisa, ipite kama hujaiona, huele ni wele. Ile n yenye kiwimbi juu ni ny ya nyanya, niño ni ninyo, piña ni pinya. Ll ni y. Qu ni k tu, queso (jibini) ni keso. Z, na c kabla ya e na i, someni s maana huko kwenu walimu wengi ni watu wa Meksiko, ukipata sidii ya mtu wa Madrid utasikia anatoa th kama ya thamani, usishtuke. V itamke b nyepesi, vista ni bista. Mkazo ndo rahisi zaidi, sisi tunakaza silabi ya pili toka mwisho na wao hivo hivo neno likiishia na vokali au n au s, likiishia na konsonanti nyingine wanakaza mwisho kabisa (olor, sabor, nariz), na kama kuna kialama juu ya herufi basi kaza pale pale kwenye kialama: limón, oído. Basi. Hutakuwa unaelewa kila kitu unachosoma, lakini kijana anaelewa, na atakusahihisha kwa furaha kubwa, na mtoto anayemsahihisha mama yake ni mtoto anayejifunza mara mbili.

Afu usisome kama unasoma risala. Hivi vitabu havisomwi kwa macho tu. Kama ukurasa una limau, limau liwe mezani, likatwe, alilambe, akunje uso, ndo umuulize kwa Kiswahili "vipi?" atasema "kali!" au "chachu!", ndo sasa mnasoma el limón es ácido. Kitu kwanza, Kiswahili kinafuata, Kihispania mwishoni. Ukianza na Kihispania anakariri sauti tu, ukianza na kitu anakuwa na mahali pa kulitundika neno.

Na kwenu Texas mna bahati, maduka ya wameksiko yamejaa vitu vyetu. Ingia humo na kijana, ile ndo maktaba ya milango ya fahamu kuliko kitabu. Muhogo upo, wao wanauita yuca. Ukwaju upo, maganda yake yale yale, tamarindo. Ndizi za kupika, plátano macho. Na embe bichi bichi hivi limekatwa likapakwa pilipili na chumvi na ndimu, yani jamani lile embe tulilokuwa tunanunua getini shuleni, wameksiko nao wanalila vile vile, mango con chile. Mpe moja mkononi na hapo una ladha karibu zote kwenye tunda moja: dulce tamu, ácido chachu, salado chumvi, na juu yake picante, mwasho wa pilipili ambao wenyewe sio ladha. Imebaki amargo, chungu, hiyo mlambishe kahawa kidogo kwenye ncha ya kijiko.

Ila hapa kwenye matunda kuna mtego mmoja. Kama nyumbani mnasema mapera, yale yenye mbegu ndogo ndogo na harufu inayojaa chumba, kwa Kihispania hilo ni guayaba. Wao wakisema pera ni tunda jingine kabisa, lile la kizungu lenye shingo. Neno lenyewe la Kireno, wareno walipokaa pwani yetu walituachia maneno mengi na Kihispania ni ndugu yake Kireno, ndo maana ukisoma hivo vitabu utakutana na jamaa zako humo ndani, mesa ni meza, bandera ni bendera, limón si mbali na limau. Mwoneshe hayo kijana, watoto wanapenda sana kugundua neno walilokuwa nalo siku zote.

Tukiwa hapo hapo kwenye ulimi, nikuombe kitu. Kitabu kikiwa na mchoro wa ulimi umegawanywa kama ramani, utamu ncha, uchungu nyuma, chumvi pembeni, ruka huo ukurasa. Ni uongo wa zamani. Ilitokana na mjerumani mmoja aliyeandika mwaka 1901 kwamba sehemu za ulimi zinatofautiana kidogo sana kwa wepesi wa kuonja, afu mwaka 1942 kitabu kimoja cha Marekani kikakuza ile tofauti, ikakaririwa hadi leo. Ukweli ni kwamba ladha zote zinasikika popote kwenye vile vinundu vya ulimi. Na ladha ni tano sio nne, ya tano ni ile ya mchuzi wa nyama uliochemka ukakolea, ya uyoga, ya nyanya iliyoiva sana, mjapani mmoja aliipa jina umami mwaka 1908, na vitabu vingi vya watoto bado havina habari nayo. Kijana wako anaijua. Ndo ile iliyomfanya aseme supu ni dulce.

Na usishangae ukiona sabe kwenye ukurasa wa ladha wakati google inakwambia sabe ni "anajua". Yote mawili. Saber ni kujua na ni kuwa na ladha, la sopa sabe a ajo, supu ina ladha ya kitunguu saumu, sio kwamba supu imesoma. Na gusto yenyewe, jina la mlango huo wa kuonja, ndo ile ile ya me gusta, ambayo watu hutafsiri "napenda" lakini ilivojengwa ni "inanipendeza", kitu ndo kinafanya kazi na we unapokea. Wazungu inawasumbua hiyo, sisi tunayo tayari.

Pua. Hapa ndo Kiswahili kimewazidi sana na nataka kijana ajue hivo. Wao wana oler moja inabeba karibu mizigo yote, huelo nanusa, huele inatoa harufu, nzuri au mbaya mpaka waongeze neno, huele bien, huele mal. Sisi tunanusa, ua linanukia, soksi inanuka, tofauti ni vokali moja tu na mtu haulizi tena. Juu ya hapo tuna shombo ya samaki, uvundo, kikwapa, na upande wa pili udi, ubani, asumini. Vitabu vingi vya Kihispania vya el olfato (mlango wa kunusa) nilivyoshika vina ua, jibini, soksi na pipa la taka, hadithi imeisha. Kwaiyo we ongeza. Fungua kabati, mnusishe iliki akiwa amefumba macho, karafuu, mdalasini, sabuni ya kipande, akikosea mcheke kidogo, akipatia aseme huele a canela.

Kuna vitabu vya kukwangua unanusa, rasca y huele. Vinafanyaje kazi? Mafuta ya harufu yamefungiwa kwenye vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vimepakwa kwenye karatasi, ukikwangua vinapasuka. Maana yake vinaisha. Kitabu cha mtumba cha aina hiyo usinunue, watoto wa mwenzio walishakwangua harufu yote, utabaki na sitroberi inayonuka karatasi.

Masikio sasa. Kwanza wao wana masikio mawili, namaanisha maneno mawili: oreja ni lile la nje la kuvutwa na kuwekwa hereni, oído ni la ndani la kusikilizia, na ndo jina la mlango wenyewe. Mtoto akiumwa sikio kwa ndani aseme me duele el oído. Hilo mfundishe hata kama hakuna kitabu, siku moja atalihitaji kwa nesi wa shule.

Afu kuna oír na escuchar, kusikia na kusikiliza, ver na mirar, kuona na kutazama. Hizi zinalingana na zetu vizuri kabisa kwaiyo wala usipoteze muda hapo.

Kilichobaki ni milio, na hapo ndo mtacheka mpaka jirani agonge ukuta. Jogoo wa Kihispania anawika quiquiriquí (kikirikí, kaza mwisho), vifaranga pío pío, mbwa guau guau, bata cua cua, mtu akipiga chafya ni achís, akila ni ñam ñam, akigonga mlango ni toc toc. Muulize kijana jogoo wa Uvira anawikaje, mkalinganishe. Na usiache tanakali zetu maana hizo kwenye vitabu vyao hakuna zinazofikia: mtu akianguka majini ni chubwi, akianguka topeni ni tapwi, akianguka chini kwa kishindo ni pu. Yani kwa sikio tu unajua kaangukia wapi! Pitia picha za kitabu cha el oído mkitia tanakali kila ukurasa, atajifunza kusikiliza, na hilo ndo somo lenyewe la wiki hiyo.

Vitabu vya kubonyeza vikalia, vyenye betri, nina wasiwasi navyo. Zile betri ndogo za duara kama za saa, mtoto akimeza zinaunguza koo ndani ya masaa machache, sio masihara, ni hospitali mbio. Kama ukinunua hakikisha kifuniko kina skrubu na kimekaza. Mimi mwenyewe nikipewa uchaguzi nachukua kisicho na betri, mama analia kama ng'ombe vizuri kuliko betri.

Macho sitakaa sana, kila kitabu kimejaa macho na rangi. Kitu kimoja tu: rangi zao nyingi zinabadilika kufuata kitu, rojo kikiwa cha kiume, roja kikiwa cha kike, zingine kama azul na verde hazijali. Sisi nasi tuna nyekundu, nyeusi na nyeupe zinazofuata ngeli na zilizobaki tunasema rangi ya kitu fulani. Wao ngeli mbili tu bwana, mtoto aliyezoea kikombe chekundu na gari jekundu na mashati mekundu hawezi kushindwa.

Mguso ndo wenye mtego mwingine na huu utegue kabla hajachekwa mara ya tatu. Laini yetu moja ni tatu zao. Meza iliyopigwa randa ni lisa. Manyoya ya paka ni suave. Mto wa kulalia ni blando, unabonyea. Sisi vyote laini, labda tukijitutumua tuseme nyororo. Kwaiyo chukua sahani, kipande cha kitambaa cha hariri au manyoya, na sponji ya kuoshea vyombo, mweke vitatu mbele yake amefumba macho, aguse aseme. Kinyume chake áspero, kinachokwaruza, mpe sandipepa au ule uso wa baba yake asiponyoa. Pegajoso, kinachonata, ugali mbichi unatosha kabisa. Na tocar yenyewe ni kugusa lakini pia ni kupiga gitaa na kubisha mlango, akisema papá toca la guitarra sio kwamba baba anaipapasa tu.

Sasa kununua. Kwanza usinunue, nenda maktaba ya mtaa wenu na kitambulisho na barua yenye anwani, kadi ni bure, na maktaba nyingi za Texas zina rafu ya Kihispania ya watoto, muulize tu mhudumu "libros en español, los cinco sentidos". Ukikipata kigeuze nyuma uangalie ile namba juu ya mistari ya kuskani. Inaanza na 978, angalia kinachofuata. Kama ni 84 kimetoka Uhispania. 968, 970 au 607 ni Meksiko. 958 Kolombia, 980 Venezuela, 950 au 987 Ajentina. Kama ni 0 au 1 basi mchapishaji ni wa nchi za Kingereza, mara nyingi hiyo ni tafsiri ya kitabu cha Kingereza, sio lazima kiwe kibaya ila kisome kwa jicho kali. Na kikianza na 979-8 hicho ni cha Marekani, vingi mtu kajichapishia mwenyewe, na humo ndo nimekuta Kihispania cha mashine, sentensi zimepinda, mtoto anajifunza upinde. (Vyetu vya Tanzania ni 9976 na 9987, Kenya 9966, ukikuta moja kwenye rafu za huko niambie nifurahi.)

Kwanini nakusumbua na nchi? Kwasababu hivi vitabu vimejaa chakula, na chakula ndo kinachobadilika jina kila mpaka. Karanga ni cacahuate Meksiko, cacahuete Uhispania, maní kwengine kwingi. Parachichi ni aguacate, ukienda Ajentina na Chile ni palta. Maharage yana majina hata siyahesabu, frijoles, judías, porotos, habichuelas, caraotas. Bisi, palomitas, pochoclo, crispetas. Mtoto akisoma kitabu cha Ajentina nyumbani afu akaenda kwa mwalimu wa Meksiko atasema palta na wenzie watamtazama. Hakuna aliyekosea, ni kama we ukisema sombe na mtanzania akasema kisamvu, jani ni lile lile. Kwa mwanzo mtafutie vya Meksiko vifanane na mwalimu wake, akikomaa mchanganyie.

Vya kurasa za katoni ngumu ni vya mdogo wa miaka miwili mitatu, wako kashapita, mpe vyenye karatasi za kawaida na hadithi kidogo, vyenye vidirisha vya kufunua bado atavipenda.

Na kama ni kununua kimoja tu kwa pesa yako, kuna hiki, El libro negro de los colores, wa Menena Cottin na Rosana Faría, wavenezuela wawili, kilitoka Meksiko mwaka 2006. Kitabu cheusi tititi chote, mwanzo mpaka mwisho. Maneno meupe chini, juu yake maandishi ya nukta nundu, na michoro haionekani, imeinuka kwenye karatasi unaipapasa kwa vidole. Kijana asiyeona anaelezea rangi kwa ladha na harufu na mguso na sauti. Nilipokileta darasani mara ya kwanza watoto walinyamaza, afu mmoja akafumba macho akaanza kupapasa, wakafuata wote. Ndo kitabu pekee cha milango ya fahamu nilichoona hakimwambii mtoto "macho ni ya kuonea" kisha kikaishia hapo, maana si kila mtoto anaona, na vingi vinajisahau. Msome hicho taa mmezima nusu, afu muulize nyekundu ya Kiswahili inanukiaje. Mmoja aliwahi kunijibu mawese.

Mwisho, mwalimu wake. Usinyamaze, walimu wengi hawajui kabisa Kiswahili kinasikia harufu na wakishajua wanafurahi, wengine wanaligeuza somo. Nakuandikia barua fupi, inakili kama ilivo weka kwenye begi: "Maestra, en casa hablamos suajili. En nuestra lengua los olores se oyen, por eso mi hijo lo dice así. Ya estamos practicando huelo." Maana yake mwalimu, nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa lugha yetu harufu inasikika, ndo maana mwanangu anasema hivo, na tayari tunafanyia mazoezi huelo. Ukiandika usisahau kialama kwenye así, na hiyo maestra iwe maestro kama ni mwanaume.